Riziki ya Aliye Nyuma ya Kioo

Sisi watu wa pwani tunafuga mbuzi, kuku na njiwa. Samaki hatumfugi. Samaki huvuliwa, huuzwa, huliwa, na akibaki huanikwa juani akawa ng'onda. Ndiyo maana mtoto wa kakangu alipotangaza kwamba anataka kuweka sebuleni tangi la kioo lenye maji ya chumvi, mawe, matumbawe hai na samaki wa rangi, baba yangu, ambaye ni babu yake na mvuvi wa dema tangu ujana wake, alimwuliza neno moja tu: "Kwa kosa gani?" Samaki huyo amekosa nini hata afungwe? Wa kuliwa sababu yake tunaijua, ni njaa. Huyu wa kutazamwa je?

Kijana alinigeukia mimi shangazi yake, kwa kuwa nafundisha baiolojia sekondari hapa Mombasa, akitaraji nimtetee. Nilimwambia kwamba babu yake ameuliza swali ambalo kila anayeanza akwariamu ya bahari anapaswa kulijibu kabla hajanunua hata kilo moja ya chumvi. Wengi huanzia kwingine: tangi la ukubwa gani, taa za aina gani, pampu ngapi. Maswali hayo yana majibu yake na nitayagusa. Lakini la mzee ndilo linaloamua kama hayo mengine yana maana yoyote.

Kwetu halikuwa swali la kifalsafa tu. Nimezaliwa Shimoni, mkabala na kisiwa cha Wasini, na tangu utotoni nimeona vijana wakizamia na nyavu ndogo kutafuta samaki ambao hakuna mtu kijijini angewatia chunguni. Samaki hao hutiwa mmoja mmoja katika mifuko ya plastiki yenye maji kidogo na oksijeni nyingi, hupangwa kwenye masanduku, hupandishwa ndege, wakaishia katika nyumba za watu Ulaya na Marekani. Ni kazi halali yenye leseni na imesomesha watoto. Siisemi vibaya. Nasema tu kwamba mtu anayeweka tangi huko mbali, na mtoto wa kakangu anayetaka kuliweka Mombasa, wote wawili wana deni kwenye mwamba mmoja.

Swali nililipeleka kwa maalimu wetu, Mshafii kama tulivyo wengi huku. Alinirudisha kwenye hadithi mbili ambazo kila mtoto wa chuoni amezisikia, zote zimo katika Bukhari na Muslim. Ya kwanza ni ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfungia asimpe chakula, wala hakumwacha akajitafutie wadudu wa ardhini. Ya pili ni ya Abu Umair, mtoto mdogo, ndugu yake Anas bin Malik, aliyekuwa na kidege akichezea. Kidege kile kilikufa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamfariji mtoto kwa upole akimwuliza habari za ndege wake. Wanazuoni waliisoma hadithi hiyo fupi kwa makini ya ajabu. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu yetu, aliandika kitabu kizima akitoa ndani yake mafunzo yapatayo sitini. Mojawapo ni hili: kwa kuwa mtoto alifuga ndege na Mtume hakumkemea, kufuga kunajuzu.

"Mwalimu," maalimu aliniambia, "kufuga si haramu. Haramu ni kuufunga mlango wa riziki ya kiumbe, kisha wewe usiwe mlango."

Maneno hayo yalinikaa. Tunaamini kwamba riziki ya kila kitambaacho na kila kiogeleacho iko kwa Mola wake. Samaki mwambani haombi mtu. Siku unayomtia nyuma ya kioo hujaibadili imani hiyo, lakini umejiweka katikati: chakula chake, pumzi yake, joto lake, mwanga wake, vyote sasa vinapitia mkononi mwako. Na hapo ndipo elimu ya fiqhi inapokutana na somo ninalofundisha, maana riziki ya paka tunaijua, maji na chakula na pembe ya kulala. Riziki ya samaki wa mwambani, au ya tumbawe, ni nini hasa?

Kwanza kabisa ni maji yenyewe. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua yake, na amonia ni sumu. Baharini hutawanyika mara moja. Ndani ya tangi la lita 200 haina pa kwenda. Itamchoma huyo huyo aliyeitoa mpaka afe. Kinachomwokoa ni bakteria wanaoota juu ya mawe na mchanga. Kundi moja hula amonia na kuigeuza nitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi lingine huigeuza nitraiti kuwa nitreti, isiyo kali sana, ambayo utaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila baada ya muda. Ndani kabisa ya vitundu vya mawe, pasipofika oksijeni, bakteria wengine huigeuza nitreti kuwa gesi ya naitrojeni ikapanda zake hewani. Hata ukinunua bakteria wa chupa, jamii hii huhitaji muda kukaa sawa: kwa kawaida wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi. Muda wote huo tangi halina samaki. Unatia chembe ya chakula ioze, unapima, unasubiri, unapima tena, mpaka amonia na nitraiti zisome sifuri na nitreti ianze kuonekana.

Huwezi kumwalika mgeni alale katika nyumba isiyo na choo. Zamani, na kwa baadhi ya wauzaji hadi leo, mwenye tangi jipya alishauriwa atie samaki wa bei rahisi na mgumu wa kufa, "ayakomaze" maji. Yaani kiumbe ateseke na amonia wiki nzima ili mwenziwe wa bei ghali akute maji mazuri. Kwa kipimo cha hadithi ya paka sioni jinsi ya kuuhalalisha ushauri huo, na ningependa uachwe kabisa.

Mtoto wa kakangu alisubiri. Jirani wakija walitazama mawe yaliyokaa kimya chini ya maji wakauliza samaki wako wapi. Mimi niliziona wiki zile kuwa ndizo ibada ya jambo lenyewe. Nia ya mtu haijulikani siku anayonunua samaki mzuri, kwa sababu siku hiyo kila mtu anafurahi. Inajulikana pale anapomhudumia kiumbe ambaye bado hajafika, anapolisha bakteria asiowaona, tena bila kusifiwa na yeyote. Anayetaka kufuga huvumilia. Anayetaka kuwa na kitu cha kuonyesha hushindwa wiki ya pili.

Kisha yako mengine. Chumvi ya bahari yetu ni gramu 35 hivi kwa kila lita, na tangi lazima likae hapo hapo. Maji huruka kwa joto lakini chumvi hairuki. Kwa hiyo kila siku unajazia maji baridi yaliyochujwa vizuri, si maji ya chumvi, la sivyo mwisho wa mwezi samaki anaishi katika maji makali kuliko aliyozaliwa nayo. Joto lisitoke sana kati ya nyuzi 24 na 27. Wenzetu wa Ulaya hununua chombo cha kupashia maji. Mombasa mwezi Machi, kaskazi ikielekea kwisha, shida yetu ni kuyapoza, na feni inayopuliza juu ya maji husaidia kushusha nyuzi moja au mbili. Umeme ukikatika pampu husimama, maji hayachezi, oksijeni hupungua, na tangi lililojaa samaki laweza kufa usiku mmoja. Pampu ndogo ya betri inunuliwe kabla ya taa za fahari. Samaki mgeni atengwe katika tangi lake wiki kadhaa, kwa sababu ugonjwa wa madoa meupe ukiingia ndani hutibiwa kwa dawa ya shaba, na shaba hiyo hiyo huwaua kamba, konokono na matumbawe. Na tangi liwe kubwa kadiri mtu anavyomudu, kwani maji mengi huchelewa kuharibika. Dogo la lita 30 ambalo wanaoanza hulikimbilia ndilo gumu kuliko yote.

Haya yote baharini yanafanyika bila mtu. Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster Abbey, alichukua matumbawe hai kutoka Torquay, kusini mwa Uingereza, akaenda nayo London. Hakukuwa na pampu. Matumbawe yale yaliishi kwa sababu mtumishi wa nyumba alisimama kila siku mbele ya dirisha lililo wazi akimimina maji kutoka chombo hadi chombo, ili hewa iingie. Historia imehifadhi jina la bibi mwenye nyumba. Jina la mtumishi silikuti popote, na kila nikiwaza tangi namfikiria yeye, kwa kuwa mkono wake ndio uliofanya kazi ya wimbi. Ukiyatenga maji na bahari, lazima mtu awe wimbi, na hatapumzika siku ya Idi wala siku ya msiba.

Mpaka hapa jibu la maalimu linatosha: uwe mlango, na uwe mlango usiofungwa. Lakini kuna samaki mmoja aliyenifanya nione kwamba halitoshi kwa wote.

Ni samaki mdogo mwembamba, urefu wa kidole, mwenye mstari mweusi kutoka mdomoni unaopanuka kuelekea mkiani, na rangi ya buluu ubavuni. Kazi yake ni kuwasafisha wengine. Anakaa mahali pamoja mwambani, na chewa, pono, kangaja, hata mkunga, humwendea wakasimama wima, wakafunua vinywa na matamvua, naye akaingia hadi ndani akila vimelea vya ngozini. Katika Great Barrier Reef ya Australia ilipimwa kwamba mmoja hula vimelea wapatao 1,200 kwa siku. Huko huko, na pia katika Bahari ya Shamu, miamba iliyokosa wasafishaji hawa ilionekana kupungukiwa na aina za samaki wengine. Mwaka 2019 watafiti wa Japani walichapisha jambo kubwa zaidi: waliwatia samaki hawa alama ya rangi kooni, mahali wasipoweza kupaona, wakawawekea kioo cha kujitazamia. Samaki walijitazama, kisha wakaenda kujisugua koo chini. Wataalamu wanabishana bado juu ya maana yake. Mimi nikiwasimulia wanafunzi wangu darasa lote hunyamaza.

Samaki huyu huvuliwa kwetu Kenya na kuuzwa nje, kwa kuwa ni mzuri na hana bei kubwa. Ndani ya tangi wengi wao hudhoofu wakafa njaa, wala si kwa uchoyo wa mwenye tangi. Chakula kipo, kinatiwa kila siku. Lakini riziki ya kiumbe huyu imefungamana na kazi yake, na kazi yake imefungamana na jirani mia wanaokuja na kuondoka. Umemchukua yeye, ukaiacha kazi. Na kule alikotoka, chewa anakuja mahali pale pale, anasimama, anafunua kinywa, na hakuna mtu.

Kwa huyu swali la baba yangu halina jibu. Hakuna namna ya kuwa mlango wa riziki yake, kwa hiyo hakuna haki ya kumfunga. Ndivyo ninavyoona pia kwa samaki kitatange wale walao nyama ya matumbawe hai tu, na kwa yule wa buluu aliyepata umaarufu kwa filamu ya watoto, anayeishi pia kwenye miamba yetu, akafika urefu wa sentimita 30 na kuzoea kuogelea masafa. Hadi mwaka 2016, watafiti wa Florida walipofaulu kumkuza tangu yai, kila mmoja aliyekuwa ndani ya tangi popote duniani alikuwa ametolewa baharini.

Lakini wako wengine. Yule ambaye watoto wote humwita Nemo huzalishwa na wafugaji siku hizi kwa wingi. Amezaliwa katika tangi, mzazi wake vilevile. Kimaumbile ni mtu wa nyumbani. Hata baharini, akishapita siku za uchanga, maisha yake hupita ndani ya anemoni mmoja, mita chache huku na huku. Akitunzwa aweza kuishi zaidi ya miaka 20, jambo ambalo mnunuzi mwenye miaka kumi na sita anapaswa kulipima, maana atakuwa na watoto wake na samaki yumo bado. Yako pia matumbawe laini yanayokubali kukatwa vipande na kuota upya, yakapitishwa mkono kwa mkono kati ya wafugaji bila mwamba kuguswa. Kwa viumbe hawa naweza kumtazama baba yangu usoni nikasema: hakuna aliyenyang'anywa bahari, na kila alichohitaji amepewa. Yeye hushika ndevu na kusema kioo ni kioo. Sijamshinda, wala sitaki kujifanya nimemshinda.

Kuna hoja moja inayopendwa ambayo siikubali, kwamba matangi ni safina, kwamba miamba inakufa na sisi tunaiokoa majumbani. Mwaka 1998 bahari yetu ilipata joto kupita kiasi, matumbawe yakautoa mwani mdogo unaoishi ndani ya miili yao na kuyalisha, yakageuka meupe, na sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ikafa. Joto limerudi tena zaidi ya mara moja, mwaka 2024 likiwemo. Tangi la sebuleni halizuii hilo. Wanaofanya kazi hiyo kweli ni watu kama wanavijiji wa Wasini na Mkwiro, wanaozama kupandikiza vipande vya matumbawe baharini kwa mikono yao. Tuwaachie sifa wao.

Na tangi laweza kuwa balaa hata mikononi mwa mcha Mungu. Philip Henry Gosse alikuwa Mkristo wa dini kali, mtu aliyeinama kwenye madimbwi ya pwani ya Devon akiona sanaa ya Muumba katika kila anemoni. Mwaka 1853 alisaidia kujaza matangi ya akwariamu ya kwanza ya umma, katika bustani ya wanyama ya London, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha kuwafundisha watu kufanya hivyo nyumbani. Uingereza nzima ilishikwa na homa. Watu walishuka pwani na ndoo na nyundo. Mwanawe, Edmund Gosse, katika kitabu chake cha mwaka 1907, alisimulia jinsi madimbwi yale ya utotoni mwake yalivyokwanguliwa mpaka yakabaki matupu, na jinsi baba yake alivyoumia kujua kwamba vitabu vyake ndivyo vilivyowaongoza watu huko. Nia yake ilikuwa safi kabisa, na haikuwafaa kitu anemoni wa Devon. Kwa hiyo simwambii mtu atazame moyo wake peke yake. Atazame pia alikochukua.

Kwa nini basi nisimkataze mtoto wa kakangu moja kwa moja? Kwa sababu nimefundisha miaka mingi watoto wa mji uliozungukwa na bahari ambao hawajawahi kuona tumbawe hai. Wanajua mwamba kwa jina, kama wanavyojua Kilimanjaro. Binadamu hawezi kuhurumia asichokijua, na tumbawe linalofunua vidole vyake usiku kudaka chakula humfunza mtu katika dakika moja kwamba jiwe alilolikanyaga lilikuwa na uhai. Tumeambiwa kwamba wanyama ni umati mfano wetu. Ni vigumu kulisadiki hilo kwa samaki uliyemkuta amekaangwa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii, kwa kijana wetu na kwa yeyote anayeanza. Anza na tangi tupu na usione haya. Mawe yawe makavu au ya mfugaji mwenzio. Usivunje mwamba, na ndani ya hifadhi za taifa kama Kisite usiokote hata kombe, kwa kuwa ni kosa la sheria. Matumbawe magumu yamo katika orodha ya mkataba wa CITES, kwa hiyo yanayovuka mpaka bila karatasi ni ya magendo, usiyaguse. Mwulize muuzaji samaki huyu amezaliwa wapi na amevuliwa vipi, maana katika Ufilipino na Indonesia wako waliowavua kwa kuwanyunyizia sayanaidi. Akishindwa kujibu, ondoka. Msafishaji mwache mwambani. Na kama huna nafasi ya kuwa wimbi kila siku kwa miaka ishirini, usifuge: nunua miwani ya kuzamia, ngoja maji yapwe, mwombe mvuvi akupeleke, uwatazame pale pale walipo bila kukanyaga kitu. Mchukue na mtoto mmoja wa jirani.